Kabla ya kupima alumini kwenye damu, tupime kwanza sufuria

FEDHA za korosho zina msimu wake, na wanaozifuata nao wana msimu wao. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika mkoani Mtwara mwaka 2007, wakulima hulipwa baada ya minada, na kila mwenye bidhaa analijua hilo: wauza pikipiki, wauza bati, wauza magodoro. Miaka ya karibuni wameongezeka wauza vipimo vya afya.

Kipimo chao ni rahisi. Mteja anashika kijiti cha chuma kwa dakika moja hivi, waya unakwenda kwenye kompyuta ndogo, kisha zinatoka kurasa kadhaa zinazotaja hali ya ini, figo, mifupa na "madini mazito" mwilini. Humo mkulima anasoma kuwa ana risasi nyingi, zebaki nyingi, alumini nyingi. Baada ya kurasa hizo hufuata bei ya virutubisho vya kuondoa sumu.

Tuseme wazi: hakuna kijiti cha kushika mkononi kinachoweza kupima alumini iliyomo mwilini. Alumini hupimwa maabara, kwa sampuli ya damu au mkojo, na hata hapo jibu lake lina masharti mengi. Makala haya yanaeleza kipimo hicho kinafanya kazi gani, nani anakihitaji, na kwa nini kwa familia nyingi za mwambao wetu shilingi hiyo ingefaa zaidi mahali pengine.

Hofu yenye sababu

Wanaouliza kuhusu alumini hawaulizi bure. Kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vilivyo karibu na mdomo wa Ruvuma, sufuria ya alumini imekwisha kukishinda chungu. Nyingine ni za kiwandani, nyepesi na zenye kung'aa. Nyingine ni za kusubu: mafundi hukusanya vyuma chakavu, huviyeyusha kwenye tanuri la mkaa na kumimina kwenye kalibu ya mchanga. Hizi ni nzito, hazibonyei ovyo, zinadumu miaka, na mama lishe wengi wanazipenda.

Alumini yenyewe si kitu kigeni. Ni takriban asilimia 8 ya uzito wa tabaka la juu la ardhi, na imo katika udongo, katika vumbi na katika majani ya chai. Sufuria hujivika utando mwembamba wa oksidi, na utando huo ndio unaozuia chuma kisiyeyuke kwenye chakula. Hukaa salama iwapo chakula hakina uchachu mkali wala magadi mengi, yaani kwenye kipimo cha pH cha kati ya 4.5 na 8.5 hivi. Nje ya mipaka hiyo huanza kuliwa. Chumvi nayo huutoboatoboa.

Sasa angalia mapishi ya pwani. Pweza wa ndimu, samaki wa ukwaju, mchuzi wa nyanya uliochemka muda mrefu, mlenda uliotiwa magadi, dagaa wanaochemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Ni kama yalipangwa kuijaribu sufuria.

Kwa mchumi wa kilimo, linaloumiza kichwa zaidi ni bibo. Tunda hili lina uzito wa mara tano hadi kumi ya korosho yake. Katika msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna takriban tani 313,000 za korosho. Kwa hesabu hiyo mabibo yalifika angalau tani milioni 1.5, na sehemu kubwa iliozea chini ya mikorosho. Kituo cha utafiti cha Naliendele, ambacho sasa kiko chini ya TARI, kimekuwa kikifundisha utengenezaji wa juisi, jamu na mvinyo wa mabibo. Ni biashara ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Lakini bibo lina vitamini C nyingi kulishinda chungwa, uchachu wake huangukia karibu na pH ya 4, na jamu hukaa jikoni muda mrefu. Ukiipikia kwenye sufuria ya kusubu iliyosuguliwa kwa mchanga mpaka ikang'aa, umeweka tindikali juu ya chuma kilichovuliwa nguo. Wanaoloweka kochoko kwa ajili ya pombe ya kukeneka wako katika hali hiyo hiyo, ingawa hao wana kesi nyingine na sheria kabla hawajafika kwenye alumini.

Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Jeffrey Weidenhamer wa Chuo Kikuu cha Ashland, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya kupikia vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwamo. Walichemsha ndani yake maji yenye tindikali ya siki kwa saa mbili, kisha wakapima kilichotoka. Kwa wastani kiasi cha mlo mmoja kilibeba miligramu 125 za alumini.

Linganisha na kikomo. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO ilipendekeza mwaka 2011 kuwa mtu asizidishe miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni miligramu 120 kwa wiki nzima. Sahani moja, kwa jaribio lile, ilitosha kumaliza posho ya siku saba. Ni kweli kwamba siki inayochemka saa mbili si ugali wa muhogo. Lakini si mbali sana na jamu ya mabibo.

Figo ndiyo mlinzi

Msomaji atauliza: kama ni hivyo, mbona hatuanguki? Jibu liko tumboni na kwenye figo. Katika alumini tunayoimeza, isiyofika asilimia 1 ndiyo inayopenya kuingia kwenye damu. Miligramu 125 za sahani yetu zinageuka kuwa chini ya nusu miligramu kwa watu wengi. Hiyo iliyopenya huondolewa karibu yote na figo kupitia mkojo. Kuhusu hofu kwamba sufuria za alumini huleta ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, uchunguzi wa miongo mingi haujathibitisha hivyo.

Hali ni tofauti kabisa kwa mtu ambaye figo zake zimeshindwa. Kipimo cha alumini katika damu kilipata umuhimu wake kwa sababu ya watu hawa. Miaka ya 1970 madaktari wa nchi zilizoendelea walianza kuona wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine wakipoteza usemi, wakichanganyikiwa, wakishikwa na degedege, mifupa ikivunjika, na wengine wakifariki. Mwaka 1976 daktari Allen Alfrey na wenzake wa Denver, Marekani, walionyesha kuwa ubongo wa wagonjwa hao ulikuwa umejaa alumini. Chanzo kimoja kilikuwa dawa walizopewa zenye haidroksidi ya alumini. Kingine kilikuwa maji ya mashine.

Kila mara anaposafishwa, damu ya mgonjwa hupita ng'ambo ya utando mwembamba huku upande wa pili ukipita maji ya zaidi ya lita 100. Tumbo halipo kuchuja, figo hazipo kutoa. Ndiyo maana maji ya mashine hizo yanatakiwa yasizidi miligramu 0.01 za alumini kwa lita, wakati maji ya kunywa yaliyosafishwa kwa shabu huruhusiwa kubaki na miligramu 0.1 hadi 0.2. Maji yaliyo halali kabisa kwa glasi yako yanaweza kumuua jirani yako aliyelazwa kwenye mashine, kama mtambo wa kuyachuja umeharibika. Kisiwani Curaçao, katika Karibi, wagonjwa kadhaa walifariki mwaka 1996 baada ya bomba jipya lililopakwa saruji kwa ndani kutoa alumini ndani ya maji yaliyokwenda kwenye kituo chao.

Huduma ya kusafisha damu ilikuwa ya Dar es Salaam kwa muda mrefu. Sasa inatawanyika mikoani, na hilo ni jambo jema. Kila kituo kinapofunguliwa, kipimo cha alumini, cha maji kwanza na cha damu baadaye, kinakuwa na wateja wake halali.

Kipimo kinavyofanyika

Alumini katika damu hupimwa kwa mikrogramu kwa lita, na mikrogramu 1 ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mtu mwenye figo nzima huwa na chini ya 10. Kwa anayesafishwa damu, miongozo ya madaktari wa figo inataka asivuke 20, apimwe angalau mara moja kwa mwaka, na kila miezi mitatu kama anatumia dawa zenye alumini. Akifika 60 na kuendelea, chanzo kinapaswa kutafutwa mara moja.

Kupima kiasi kidogo namna hiyo cha kitu kilichojaa kila mahali ni kazi ngumu. Mashine moja huchoma tone la sampuli ndani ya mrija wa grafiti kwa joto la zaidi ya nyuzi 2,000, kisha hupima mwanga unaomezwa na atomi za alumini. Nyingine huzitenga atomi kwa uzito wake. Tatizo kubwa, hata hivyo, huanza kabla ya mashine. Vifuniko vya mpira vya vichupa vya kawaida vya damu vina viambato vya alumini. Vumbi la chumbani lina alumini. Glovu zenye poda nazo zinaweza kuchafua. Sampuli iliyochukuliwa kwa kichupa cha kawaida inaweza kumgeuza mtu mzima kuwa mgonjwa kwenye karatasi. Vinahitajika vichupa maalumu vilivyotengenezwa kwa ajili ya madini ya kiwango kidogo, na fundi wa maabara anayejua kwa nini.

Zaidi ya hapo, damu husema habari za karibuni tu. Alumini nyingi huondoka kwenye damu ndani ya saa na siku chache. Inayobaki hujificha kwenye mifupa kwa miaka. Aliyekunywa dawa ya kiungulia yenye haidroksidi ya alumini asubuhi amemeza mamia ya miligramu, kuliko sufuria yoyote, na kipimo cha jioni kitamsoma yeye na dawa yake, si yeye na jiko lake.

Liko pia kundi ambalo hufikiri linahitaji kipimo hiki kumbe linahitaji kingine. Wanaofukiza maghala kwa vidonge vya fosfidi ya alumini huona neno alumini kwenye kopo na kudhani hilo ndilo la kuogopa. Kinachoua pale ni gesi ya fosfini inayotoka kwenye kidonge kikipata unyevu. Alumini ndiyo majivu yanayobaki. Aliyevuta gesi hiyo anahitaji hewa safi na hospitali kwa haraka, wala asisubiri majibu ya alumini.

Hesabu ya shilingi

Tuchukue kikundi cha akinamama 20 wanaotengeneza jamu ya mabibo. Kwa mfano tu, tuseme kipimo cha kweli cha maabara, pamoja na kichupa maalumu, usafirishaji wa sampuli na nauli, kinamgharimu kila mmoja Sh150,000. Kikundi kimetoa Sh3,000,000. Wote wana figo nzima, kwa hiyo majibu yanayotarajiwa ni "kawaida". Je, "kawaida" hiyo itabadilisha nini? Jamu itaendelea kupikwa kwenye sufuria ile ile. Na kama mmoja atapatikana amezidi kidogo, ushauri utakuwa abadilishe chombo na aache dawa za kiungulia, ushauri ambao angeupata bure.

Katika uchumi, taarifa ina thamani pale tu inapoweza kubadilisha uamuzi. Kwa kikundi hiki, Sh3,000,000 zikinunua sufuria kubwa ya chuma kisichoshika kutu zinaondoa tatizo lenyewe, na zinampa mnunuzi wa jamu sababu ya kuamini. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko mikononi mwa TBS, na kikundi kinachotaka alama ya ubora, ambacho SIDO inaweza kukiongoza, kitaulizwa tu kuhusu vyombo. Gharama hiyo italipwa leo au kesho.

Kwa nyumba ambayo haina fedha ya chombo kipya, yapo ya kufanya. Vyakula vya ndimu, ukwaju, nyanya na mabibo vipikwe kwenye chungu au sufuria ya chuma kisichoshika kutu, na ile ya alumini ibaki na wali, ugali na maji. Chakula kisilale ndani yake. Weusi unaojitokeza ndani ya sufuria baada ya kuchemsha maji mara nyingi si uchafu, ni utando unaoilinda. Kuusugua kwa mchanga na majivu kila siku ni kuulipia usafi kwa bei mbaya. Najua ni vigumu kumweleza hivyo mkwe aliyekuja kukagua jiko.

Risasi, aliyejificha nyuma ya alumini

Nimechelewa kulitaja jambo lililo zito kuliko yote, kwa sababu halionekani mpaka alumini ieleweke. Vyombo vile 42 havikutoa alumini pekee. Theluthi moja hivi vilitoa pia madini ya risasi, na kimoja kutoka Vietnam kilitoa zaidi ya mikrogramu 1,000 kwa mlo.

Risasi haitoki kwenye alumini safi. Inatoka kwenye chakavu: vipande vya injini, rejeta zenye kulehemiwa, vyuma vidogo vya kusawazishia magurudumu, mabaki ya betri, vyote vikitupwa kwenye tanuri moja. Na hapa mlinzi wetu hayupo. Mtu mzima hupenyeza sehemu ndogo ya risasi anayoimeza, lakini mtoto mdogo anaweza kupenyeza karibu nusu yake. Hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama. Hupunguza akili ya mtoto, na akili hiyo hairudi. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unasema damu ya mtoto ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kuondolewa.

Kwa hiyo, kama kuna damu ya kupimwa katika vijiji vinavyotumia sufuria za kusubu, ni ya watoto chini ya miaka mitano na ya wajawazito, na kinachotafutwa kiwe risasi. Hapo jibu linabadilisha uamuzi. Pwani yetu ina mfano wake. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua kwa kipimo cha damu kwamba mtoto wake alikuwa na risasi. Vipimo vya wakazi vikafuata, kisha kesi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya Sh bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Bila karatasi za maabara ingebaki hadithi ya moshi na kikohozi.

Huko Marekani, katika jimbo la Washington, maofisa wa afya waliona watoto wa familia za wakimbizi wana risasi nyingi damuni, wakafuata nyayo mpaka jikoni, wakakuta sufuria za alumini zilizotoka nje. Mwaka 2024 jimbo hilo likapitisha sheria ya kuweka kikomo cha risasi katika vyombo vya kupikia. Angalia mpangilio wake: damu ya watoto wachache, kisha chombo, kisha sheria inayowalinda wote.

Kwetu tunaweza hata kuanzia katikati. Sufuria haichomwi sindano. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Kusini hapa Mtwara, na TBS nayo ina ofisi ya kanda. Sampuli kumi za sufuria kutoka kwa mafundi kumi zingetueleza mengi kuliko damu ya watu mia.

Mafundi wenyewe wasigeuzwe wahalifu. Wanalisha familia kwa taka tulizozitupa, na wao ndio wa kwanza kuvuta moshi wa tanuri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inadai wafanyakazi wapimwe afya, lakini fundi aliyejiajiri chini ya mwembe hana mwajiri wa kumpeleka. Kama halmashauri inatoa mikopo ya vijana kutokana na mapato yake, mkopo mmoja unaweza kuambatana na mafunzo ya siku mbili: betri, rejeta na vyuma vya magurudumu viwekwe kando, bidhaa za alumini tupu, kama waya za umeme na fremu za madirisha, ziyeyushwe peke yake. Utafiti ule wa 2017 ulionyesha pia kuwa kuipaka sufuria rangi maalumu ya ndani kulipunguza alumini inayotoka kwa zaidi ya asilimia 98, na madini mengine vivyo hivyo. Fundi atakayeweza kuonyesha cheti cha maabara kinachosema sufuria yake haina risasi atakuwa na kitu cha kuuza ambacho mwenzake hana, na vikundi vya jamu ya mabibo ndivyo wateja wa kwanza wa kuendewa.